Antena ya Dhahabu Haikusanyi Mwanga: Dalili, Visababishi na Marekebisho

Malalamiko kuhusu antena za mwanga, yaani vipande vidogo mno vya chuma vinavyokusanya mwanga, ni yale yale, mwaka nenda mwaka rudi. Sioni kitu. Kilele kimehama. Mng'ao umepungua badala ya kuongezeka. Jana ilifanya kazi, leo imekufa. Wanaolalamika ni wanafunzi wa uzamili, mafundi wa chumba safi, na mara nyingine profesa mwenyewe. Mara nyingi antena huwa nzima, na tatizo liko kando yake: lenzi isiyofaa, leza ya rangi nyingine, gundi nene chini ya dhahabu, au molekuli iliyokaa mahali ambapo mwanga haukukusanyika.

Hapa nazungumzia antena za aina mbili. Kuna zinazochorwa kwa miale ya elektroni juu ya kioo, kama vijiti viwili vilivyopangwa kichwa kwa kichwa au pembetatu mbili zinazotazamana ncha kwa ncha. Kuna pia chembe za dhahabu zinazopikwa kwenye maji na kudondoshewa juu ya kioo. Zote ni za kukuza ishara ya Raman (mwanga unaorudi kutoka kwenye molekuli ukiwa umebadilika rangi) au floresensi (mwanga ambao molekuli hutoa baada ya kufyonza mwingine).

## Kabla ya kulaumu antena

Elektroni huru zilizomo kwenye dhahabu husukumwa huku na huku na mwanga. Kipande cha chuma kikiwa na urefu unaofaa, mwendo huo hupata nguvu kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake, na mwanga hujikusanya kwenye ncha na kwenye mwanya ulio kati ya vipande viwili. Wazo hili ni la zamani: mwaka 1928 Edward Hutchinson Synge wa Ireland alimwandikia Einstein barua akipendekeza chembe ndogo ya dhahabu itumike kuona vitu ambavyo hadubini ya kawaida haiwezi kuvitenganisha.

Antena hizi hutofautiana na za redio kwa jambo moja ambalo husahauliwa. Ndani ya chuma, wimbi la mwanga hufupika. Antena za dhahabu ambazo Mühlschlegel na wenzake walizichapisha mwaka 2005 ziliitikia leza yenye wimbi la nanomita 830 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) zikiwa na urefu wa nanomita 250 hivi, ilhali nusu ya wimbi hewani ingekuwa nanomita 415. Ukichora antena kwa hesabu ya redio, umekosea kabla mashine haijawashwa.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza, kwa dalili yoyote, ni spektra ya mtawanyo ya antena moja moja, yaani mchoro wa kiasi cha mwanga inachotawanya kwa kila rangi. Tumia hadubini ya uga wa giza iliyounganishwa na spektromita. Taa inamulika sampuli kwa ubavu, lenzi inapokea mwanga uliotawanywa na antena peke yake, na kwingine kote kunabaki peusi. Andika mambo matatu: kilele kiko nanomita ngapi, kina upana gani, na kinabadilikaje ukizungusha polaraiza (kichujio kinachopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu). Pima hivyo kabla na baada ya kila hatua, yaani baada ya kuosha, baada ya kuweka molekuli na baada ya leza. Daftari la spektra hizi limeniokolea wiki nyingi kuliko chombo chochote cha bei ghali.

Tena, pima kwa mwanga kwanza, hadubini ya elektroni baadaye. Miale ya elektroni huacha utando wa kaboni juu ya antena. Utando huo husogeza kilele, na kwenye Raman hujionyesha kama vilima ambavyo hukuvitaka. Piga picha za antena pacha, yaani zilizochorwa sawa na zile za kipimo, zilizo pembeni ya kioo, na zile utakazozipima ziache.

## "Nachungulia, sioni kitu"

Chanzo cha kawaida kabisa ni lenzi. Tazama namba ya NA (upana wa pembe ya mwanga unaopita kwenye lenzi) iliyochorwa ubavuni mwa lenzi ya kuangalizia na ya kondensa, ile inayomulika sampuli. Kondensa lazima iwe na NA kubwa zaidi, la sivyo mwanga wa taa unaingia moja kwa moja kwenye lenzi na kila kitu kinakuwa cheupe. Lenzi yenye shata ya duara ndani inaweza kubanwa kidogo kidogo mpaka giza lirudi. Kama kondensa ni ya mafuta, angalia pia kiputo cha hewa ndani ya mafuta. Kiputo kimoja kinatosha kuharibu asubuhi nzima.

Kisha fokasi. Usitafute antena kwenye eneo tupu. Anza na mkwaruzo au alama kubwa ya dhahabu uliyoichora makusudi, weka fokasi hapo, ndipo usogee.

Chanzo cha tatu huwashangaza wengi: antena ipo na inatawanya vizuri, ila mahali ambapo jicho halifiki. Kilele kikiwa nanomita 850, kwenye kiangalizio utaona wekundu hafifu au usione chochote, na kamera nyingi za rangi zina kichujio kinachozuia mwanga wa aina hiyo. Toa kichujio au tumia spektromita moja kwa moja.

Kwa chembe za kwenye maji, ukubwa ndio mwamuzi. Mtawanyo hufuata kipenyo kikizidishwa chenyewe mara sita, kwa hiyo chembe ya nanomita 20 hutawanya pungufu mara 64 kuliko ya nanomita 40, na takriban mara 4,000 kuliko ya nanomita 80. Ya nanomita 20 hufyonza mwanga zaidi ya kuutawanya. Ukitaka kuona chembe moja moja bila kuhangaika, anza na nanomita 60 au 80.

Ikiwa uga wote umejaa nyota nyeupe za ukubwa tofauti, hizo ni vumbi na mabaki. Chembe nzuri za dhahabu za nanomita 80 huonekana za kijani-njano na zinafanana kama punje za mtama.

Simama hapa: usitoe taa na kuweka leza ili "kuongeza mwanga" huku ukichungulia kwa jicho. Hata miliwati chache zikipitia lenzi zinaweza kuunguza retina, na leza ya nanomita 785 haionekani vizuri, hivyo jicho halitafumba kwa wakati. Leza ya daraja la 3B au la 4 hupangwa na mtu aliyefunzwa usalama wa leza, kiangalizio kikiwa kimezibwa.

## "Nilichora antena 400, zimebaki 30"

Huu ni ugonjwa wa hatua ya kubandua, pale asetoni inapoyeyusha plastiki ya PMMA, ambayo mashimo yake ndiyo kalibu ya antena, na kuondoka na dhahabu isiyotakiwa.

Kagua unene kwanza. Dhahabu isizidi theluthi ya unene wa PMMA. Dhahabu ya nanomita 40 inataka PMMA ya nanomita 120 au zaidi. Ikizidi, dhahabu ya juu na ya chini zinashikana, na zikibanduliwa zinaondoka pamoja.

Cha pili ni mabaki. Mwishoni mwa kuosha PMMA kwa dawa ya kudevelopia, utando mwembamba unaweza kubaki chini ya shimo. Dhahabu inakaa juu ya utando, si juu ya kioo, na asetoni ikija inapita chini yake. Sekunde chache za plazma ya oksijeni (gesi iliyotiwa umeme inayokula mabaki) kabla ya kuvukiza dhahabu hutibu hili. Sekunde chache, nasisitiza, maana ukizidisha mashimo yanapanuka na mwanya unafungwa.

Tatu, angalia dhahabu ilivukizwa kwa njia gani. Mashine inayorusha chuma kutoka pande zote hupaka hadi kuta za shimo, na baada ya kubandua antena inabaki na masikio yaliyosimama. Kwa kubandua, tumia mashine ambayo chuma kinapanda kwa mstari ulionyooka kutoka chini. Na usiharakishe: iache sampuli kwenye asetoni saa kadhaa au usiku kucha, wala usiiruhusu ikauke katikati ya kazi. Dhahabu iliyobanduka ikikaukia kwenye kioo haiondoki tena.

Kama antena zimebaki ila pembetatu mbili zimeungana, dozi (kiasi cha elektroni za kuchorea) imezidi. Elektroni zinazorudi kutoka kwenye kioo huchoma PMMA ya jirani, na mwanya ndio unaopata dozi kutoka pande zote mbili. Chora ngazi ya dozi kwa hatua za asilimia 10, kisha za asilimia 3 karibu na ile iliyofaa, na kwenye mchoro acha mwanya mpana kuliko unaoutaka. Michoro ikiwa imepinda au imehama, kioo kimejaa chaji; pangusia juu polima inayopitisha umeme, au tumia kioo chenye oksidi ya indiamu na bati.

Simama hapa: bunduki ya elektroni ya mashine ya kuvukizia hutumia maelfu ya volti. Ikiwa taa ya miale inayumba au haishiki kwenye chungu cha dhahabu, funga na umwite fundi wa mashine, usifungue kabati mwenyewe. Na kama unaosha kioo kwa mchanganyiko wa asidi ya salfuriki na haidrojeni peroksaidi, asetoni isiwepo hata tone kwenye kabati hilo. Viwili hivyo vikikutana hulipuka.

## "Kilele hakiko nilipokitarajia"

Hili ndilo linalonifikia zaidi ya yote.

Kagua spektromita kabla ya antena. Washa taa ya zebaki na utafute mstari wa nanomita 546.1, au leza ya heliamu na neoni ya 632.8. Ikiwa chombo kimekosea nanomita 6, huna tatizo la antena. Kisha hakikisha umegawanya kwa rangi ya taa. Spektra sahihi hupatikana kwa kutoa usuli ulio jirani na antena, halafu kugawanya kwa spektra ya taa yenyewe iliyopimwa kwenye kitu cheupe. Taa ya halojeni ina nyekundu nyingi na buluu kidogo, na asiyegawanya anaona vilele vyote vimeelemea kwenye wekundu.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye umbo. Kilele husogea upande wa wekundu antena ikiwa ndefu zaidi, mwanya ukiwa mwembamba zaidi, au kitu kilichoizunguka kikiwa na uwezo mkubwa zaidi wa kupinda mwanga. Husogea upande wa buluu dhahabu ikiwa nene zaidi au pembe zikiwa butu kuliko ulivyochora, nazo pembe huwa butu daima. Hakuna pembetatu ya dhahabu yenye ncha kali kama ya kwenye kompyuta. Ncha halisi ina duara la nanomita 10 hivi.

Mazingira ndiyo husahauliwa zaidi. Antena iliyopimwa hewani na kisha kuwekwa ndani ya maji huhama kwa makumi ya nanomita. Mafuta ya lenzi yakiifikia upande wa juu, huhama zaidi. Mabaki ya PMMA nayo huivalisha koti. Nilipoteza mwezi mzima nikirekebisha urefu wa vijiti, kumbe kila kundi lilikuwa limeoshwa kwa muda tofauti na koti hilo lilikuwa na unene tofauti. Kuirudisha sampuli kwenye asetoni ya uvuguvugu, kisha plazma fupi, kulirudisha vilele vyote mahali pamoja.

Swali kubwa zaidi ni hili: kilele kinatakiwa kuwa wapi? Wengi hukiweka juu ya leza, wakaridhika. Kwa Raman, antena hufanya kazi mara mbili: inakusanya mwanga unaoingia na kusaidia mwanga unaotoka, na unaotoka una rangi nyingine. Kwa leza ya nanomita 632.8, mstari wa Raman wa 1580 cm⁻¹ (kipimo cha umbali kati ya mwanga unaotoka na leza) hutokea karibu nanomita 703. Kwa leza ya 785, hutokea karibu 896. Kilele kinatakiwa kuwa kati ya hizo mbili. Ongeza hapo kwamba mwanga uliojikusanya mwanyani hufikia upeo wake upande wa wekundu kidogo kuliko mtawanyo unaoupima kwa mbali. Tofauti ndogo kati ya kilele na leza isikutie hofu.

Na ukiwa na leza ya nanomita 532 na antena za dhahabu, usitafute zaidi. Chini ya nanomita 520 hivi na karibu yake, dhahabu hufyonza mwanga kwa nguvu kwa sababu elektroni zake za ndani huruka ngazi. Ndiyo maana dhahabu ni ya njano. Hakuna umbo litakalokuokoa. Badilisha leza iwe 633 au 785, au badilisha chuma kiwe fedha.

## "Kilele kipo, lakini ni kipana na dhaifu"

Mshukiwa wa kwanza ni gundi. Dhahabu haishiki kwenye kioo, kwa hiyo watu huweka chini yake kromi au titani ya nanomita 5. Tabaka hilo limekaa palepale ambapo mwanga umejikusanya, nalo linaufyonza. Punguza titani hadi nanomita 1 au 2, au acha chuma kabisa na utumie molekuli inayoshika kioo upande mmoja na kushika dhahabu kwa salfa upande wa pili. Ukilinganisha spektra mbili, ya kromi nanomita 5 na ya molekuli hiyo, hutarudi kwenye kromi.

Mshukiwa wa pili ni kupima kundi badala ya antena moja. Antena mia zenye vilele vyembamba vilivyotofautiana kidogo hutoa kilele kimoja kipana. Ziba tundu la kuingilia spektromita mpaka antena moja tu ibaki.

Tatu ni dhahabu yenyewe. Iliyovukizwa huwa na punje nyingi ndogo, na kila mpaka kati ya punje ni msuguano kwa elektroni. Kupasha sampuli moto kwa utaratibu kunaweza kusaidia, lakini pia huviringisha ncha, hivyo jaribu kwenye antena pacha. Dawa ya kweli ni kuchonga antena kutoka kwenye kibamba cha dhahabu cha fuwele moja kwa miale ya ioni. Kazi hiyo ni ya mtaalamu wa mashine hiyo, maana ioni za galiamu zikizidi huingia kwenye dhahabu na kuiharibu.

## "Nazungusha polaraiza, hakuna kinachobadilika"

Antena ya vijiti viwili lazima iwake mwanga ukiwa sambamba nayo na kufifia ukiwa umeikingama. Isipofanya hivyo, zungusha sampuli yenyewe digrii 90 na uache polaraiza ilipo. Ishara ikibadilika sasa, kosa liko kwenye vioo vya njiani: kioo kinachotenganisha rangi hugeuza mwanga ulionyooka ukawa wa kuzunguka kila ukiingia kwa pembe isiyo yake. Kwenye uga wa giza, ambako taa inamulika kutoka kila upande, weka polaraiza upande wa kupokea. Ishara isipobadilika hata hivyo, unachokitazama si antena yako. Ni rundo la chembe, au ni uchafu.

## "Floresensi imepungua badala ya kuongezeka"

Hapa watu huumia moyo, kwa sababu antena ilitengenezwa kwa kazi hii hii.

Kwanza, umbali. Molekuli iliyogusana na dhahabu huipa dhahabu nguvu zake, na nguvu hizo huishia kuwa joto. Mwaka 2006 Anger, Bharadwaj na Novotny walisogeza chembe ya dhahabu ya nanomita 80 hatua kwa hatua kuelekea kwenye molekuli moja. Mng'ao ulipanda hadi umbali wa nanomita 5 hivi, kisha ukaporomoka. Kama umedondoshea rangi, yaani molekuli za floresensi, moja kwa moja kwenye dhahabu tupu, umeiweka chini ya maporomoko hayo. Vika antena koti la silika la nanomita 5 hadi 10, au tumia uzi wa DNA wenye urefu unaojulikana.

Pili, ubora wa rangi uliyoichagua, na hapa nataka nieleweke. Mwaka 2009 Kinkhabwala na wenzake wa Stanford walionyesha pembetatu mbili za dhahabu zikiongeza mng'ao wa molekuli moja hadi mara 1,340. Namba hiyo hunukuliwa kila mahali, lakini sababu yake hainukuliwi: rangi yao ilikuwa dhaifu kwa asili, ikitoa chembe mbili au tatu za mwanga kwa kila mia ilizofyonza. Antena ilikuwa na nafasi ya kuisaidia mara mbili, katika kufyonza na katika kutoa. Rangi inayotoa 90 kwa mia haina nafasi hiyo ya pili. Kwa majaribio ya mwanzo, chagua rangi dhaifu.

Tatu, hesabu ya eneo. Doa la leza lenye upana wa nanomita 300 lina eneo mara 225 ya kitovu, pale mwanga ulipojikusanya, chenye upana wa nanomita 20. Ikiwa molekuli zimetapakaa sawasawa na antena inazidisha mara 100 pale kitovuni tu, kwa jumla utaona ongezeko la asilimia 44, na kelele za kipimo zinaweza kulimeza. Punguza molekuli hadi zionekane moja moja, kisha tafuta zile chache zinazowaka mno.

Leza ikizidi, rangi huungua kabla hujafungua kamera. Punguza mara kumi, kisha pima tena.

## "Raman inakuja na kupotea, na vilima ni vipana"

Anza na kipande cha silikoni. Mstari wake upo karibu 520.7 cm⁻¹. Usipoupata hapo, rekebisha chombo kwanza.

Kisha tazama umbo la unachokipata. Vilima viwili vipana karibu na 1350 na 1580 cm⁻¹, vinavyocheza kila sekunde, si molekuli yako. Ni kaboni, yaani kitu kilichoungua. Kitovu cha antena hukusanya mwanga na joto pia, na chochote cha asili ya mimea, plastiki au sabuni kilichokuwa hapo kimegeuka masizi. Nimeona vilima hivyo vikipelekwa mkutanoni kama ugunduzi, na niliumia kwa ajili ya mwanafunzi aliyekuwa jukwaani, maana hakuna aliyekuwa amemwonyesha. Shusha leza hadi mikrowati 10, panda taratibu, na pima antena tupu zisizo na molekuli siku hiyo hiyo, kwa leza hiyo hiyo. Bila antena tupu, spektra yako haina shahidi.

Chembe za kupikwa zina mtego wake: sitreti inayozishikilia kwenye maji nayo ina mistari yake. Ioshe, au chagua molekuli yenye salfa inayoisukuma kando, kama thaiofenoli, ambayo mistari yake karibu na 1000, 1022, 1073 na 1573 cm⁻¹ ni myembamba na haikosekani.

## "Maji ya dhahabu yamegeuka buluu"

Dhahabu nzuri ya nanomita 20 ni nyekundu kama maji ya rosela, na kilele chake ni karibu nanomita 520. Wekundu huo ndio unaouona kwenye mstari wa kipimo cha haraka cha malaria pale zahanati: nao ni chembe za dhahabu zilizokusanyika kwenye karatasi.

Ikiwa maji yamekuwa ya zambarau au buluu, chembe zimeshikana. Chanzo cha kwanza ni chumvi, ikiwemo ile ya bafa (maji ya kudhibiti uasidi) uliyoongeza bila kufikiri. Cha pili ni kuoshwa mno kwenye sentrifuji hadi sitreti ikaisha. Cha tatu ni kuganda kwenye friza. Zihifadhi nyuzi 4, zisigande kamwe. Zilizokwisha kushikana kwa kawaida hazirudi, kwa hiyo tupa kwenye chombo cha taka za metali na uanze upya kwa vyombo safi.

Simama hapa: kusafisha vyombo hivyo kwa mchanganyiko wa asidi ya haidrokloriki na ya nitriki hufanywa ndani ya kabati la kuvuta hewa na mtu aliyeonyeshwa. Mchanganyiko huo haufungiwi kwenye chupa, kwani gesi yake huipasua.

## "Jana nzima, leo imekufa"

Kama ni fedha, jibu ni salfa. Kile kinachotia weusi vikuku vya fedha vya bibi kabatini ndicho kilichokula antena yako, ila kwenye kikuku kinakula ngozi ya juu, na kwenye antena ya nanomita 40 kinakula mwili. Kilele huhamia wekundu, kisha hupotea. Hifadhi kwenye nitrojeni, epuka glovu za mpira na maboksi ya karatasi, na ukiweza ivike alumina ya nanomita 2 au 3 siku ile ile.

Kama ni dhahabu, imeyeyuka au imeviringika. Dhahabu ya kawaida huyeyuka nyuzi 1064, lakini ncha za nano huanza kubadilika umbo mapema sana kabla ya hapo. Kilele kilichohamia buluu baada ya leza ndiyo saini yake. Leza ya mapigo, inayomulika kwa vipindi vifupi mno, hudanganya hapa: wastani wa miliwati 1, kwa mapigo milioni 80 kila sekunde yenye urefu wa femtosekunde 100, ni wati 125 ndani ya kila pigo. Kipima nguvu kinaonyesha wastani tu.

## "Kompyuta inasema mara milioni, benchi inasema mara mia"

Hakikisha gridi ya hesabu (vijisehemu ambavyo kompyuta hugawanya antena) mwanyani ni nusu nanomita au chini yake, na pembe zimepewa duara. Ncha kali kabisa haina jibu: kadiri unavyosaga gridi ndivyo namba inavyopanda. Weka kioo, gundi na vipimo kutoka kwenye picha ya hadubini ya elektroni, si kutoka kwenye mchoro. Chukua wastani wa eneo walipo molekuli, si nukta moja iliyong'aa zaidi. Kwa mwanya ulio chini ya nusu nanomita, hesabu ya kawaida haifai tena, kwa sababu elektroni huanza kuruka kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Na ukimwendea mtaalamu, mpelekee spektra ya mtawanyo ya kabla na ya baada, spektra ya antena tupu, picha ya antena pacha, unene wa dhahabu na wa gundi, pamoja na nguvu ya leza iliyopimwa pale inapofika kwenye sampuli, si pale inapotokea kwenye leza.